Kijani cha Pangani: oda ya vibua iliyokwama Tanga

Jumatatu ya tarehe 27 Novemba 2023, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mama mdogo alikuwa ndiyo kwanza anafungua kibanda chake pale soko la Mbuyuni, Moshi, simu ikaita. Dalali wake wa Tanga. Hata salamu hakutoa. "Mama, boti hazijatoka."

Kirikuu alichokikodi kilikuwa kimelala Tanga kikisubiri mzigo. Barafu ilishanunuliwa, ilishapondwa. Na hoteli moja ya hapa mjini ilishaahidiwa kilo 200 za vibua wabichi, wafike jioni hiyo hiyo. Dalali akazunguka pale Deep Sea, wanakoshushia samaki Tanga, mpaka saa tatu, akaokoteza: vibua kidogo, sehewa wawili watatu, changu wadogo wa wavuvi wa mishipi. Vyote pamoja kilo 38.

Oda ile niliishauri mimi. Sikuwa nimekwenda Tanga wala kumpigia mvuvi hata mmoja. Nilitazama ramani ya setilaiti nikiwa nimekaa jikoni kwa mama mdogo, nikaona kijani mbele ya mdomo wa Mto Pangani, nikasema kuna chakula cha samaki. Hapa naeleza nilichokiona, kilichokuwepo kweli baharini, na kwa nini viwili hivyo havikufanana.

Jikoni

Kazi yangu ni ramani za mashamba, hasa kahawa. Picha za setilaiti nazifungua kila siku, na nadhani huko ndiko nilikopatia kiburi. Kwenye shamba, kijani ni majani. Ukitaka uhakika unapanda bodaboda unakwenda Kibosho unaushika mti kwa mkono. Bahari haina Kibosho.

Mama mdogo anauza sangara na dagaa wa Mwanza, na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Vibua wabichi wa Tanga ni biashara ya pembeni, lakini ndiyo yenye faida nzuri, kwa sababu Moshi watu wengi wanamjua kibua wa kwenye boksi tu, yule aliyekuja na meli akiwa jiwe la barafu. Mwenye kujua ladha analipia tofauti. Kuelekea Desemba, Wachaga wanapoanza kurudi nyumbani, oda huongezeka. Taabu ni kwamba Tanga ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na mzigo unapangwa kabla samaki hajavuliwa.

Kwa hiyo Jumamosi tarehe 25 akaniuliza, "Baba, wewe na mitambo yako hiyo, huwezi kuniambia samaki wapo lini?"

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha ramani ya klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, ya siku 8, tarehe 17 hadi 24 Novemba. Kuanzia mdomo wa Pangani kulikuwa na ulimi wa kijani ukienda njano, umelala kuelekea kaskazini, upande wa Tanga. Nje kabisa, kwenye maji ya kina, rangi ilikuwa bluu iliyokolea.

"Hicho kijani ndiyo samaki?"

"Hapana mama mdogo, hicho ni chakula chao."

Kuamini kwangu kwamba kijani ni chakula kulikuwa na makosa mawili. Moja nililigundua wiki hiyo hiyo. La pili nililielezwa na nahodha miezi miwili baadaye, bila kunionea haya.

Setilaiti inaona nini hasa

Ramani ile ilitokana na kihisi cha MODIS kilichobebwa na setilaiti ya Aqua, ambayo NASA iliirusha Mei 2002 kwenda kimo cha kilomita 705. Kutoka huko haioni samaki wala planktoni, vile viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Inaona mwanga wa jua ulioingia majini, ukagonga vitu, ukarudi juu. Maji safi ya bahari kuu hurudisha zaidi bluu. Planktoni ya mimea ina klorofili, na klorofili hula mwanga wa bluu, kwa hiyo inapokuwa nyingi bluu inapungua na kijani kinapata nafasi. Hesabu inalinganisha bluu na kijani, kisha inatoa namba: miligramu za klorofili katika kila mita ya ujazo ya maji. Kwenye ramani yangu ulimi wa Pangani ulisoma kama 2. Nje kulikuwa chini ya 0.3.

Kwenye bahari ya wazi hesabu hiyo inafanya kazi vizuri sana, na si jambo la jana. Kihisi cha kwanza cha rangi ya bahari kilirushwa mwaka 1978 kwenye Nimbus-7. India, kupitia taasisi yake ya huduma za taarifa za bahari iliyoko Hyderabad, huwatumia wavuvi taarifa za maeneo yenye uwezekano wa samaki kwa kuunganisha ramani za klorofili na za joto la maji. Wanachokitafuta ni mipaka, mahali maji ya aina moja yanapokutana na maji ya aina nyingine, kwa sababu hapo chakula hukusanyika na samaki hufuata. Japani nako, maji ya baridi kutoka kaskazini yanapokutana na ya moto kutoka kusini, mpaka unaonekana kwenye ramani ya joto kama umechorwa kwa kalamu.

Pwani yetu haina bahati hiyo. Joto la maji ya juu linakaribiana kila mahali, hasa wakati wa kaskazi, na mipaka yake ni hafifu. Unabaki na rangi. Na rangi, karibu na ufukwe, ina watu wengi wa kuichafua.

Tope

Novemba ile ilikuwa ya mvua kubwa. El Niño ilikuwa imeshika, vuli haikukatika, kila mtu Kaskazini anaikumbuka. Mto Pangani ulikuwa unashusha maji mazito.

Tope likielea majini hurudisha mwanga wa kila rangi, kijani na nyekundu zaidi. Maji ya mto pia yana rangi ya chai inayotoka kwenye majani yaliyooza, na chai hiyo hula bluu kama klorofili inavyoila. Hesabu ya kompyuta haijui mto. Inaona bluu imepungua, inatangaza klorofili. Wanasayansi wa bahari wanalijua hili kwa miaka mingi, hata wameyatenga maji ya pwani na ya bahari kuu kuwa makundi mawili tofauti. Nilishalisoma. Kulisoma na kulikumbuka mama mdogo anapokusubiri na simu mkononi ni mambo mawili.

Jumanne nilifanya nilichopaswa kufanya Jumamosi. Nilitafuta picha ya rangi halisi ya Sentinel-2, ambayo pikseli yake ni mita 10, ikapatikana moja iliyopenya kati ya mawingu. Ulimi wangu wa kijani ulikuwa kahawia, kahawia ya chai ya maziwa. Ulitoka mdomo wa mto kama moshi unavyotoka kwenye bomba, ukapinda kaskazini kufuata mkondo.

Kuna jambo ningependa kulisema kwa sababu lingenoga: kwamba tope lililotudanganya lilikuwa letu wenyewe. Mto Pangani unaanzia huku. Kikuletwa inabeba maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu inakuja kutoka upande wa Ziwa Jipe, vinakutana Nyumba ya Mungu. Lakini tope la huku sehemu kubwa linatuama bwawani, ndiyo kazi ya bwawa hata kama halikujengwa kwa ajili hiyo. Linalofika baharini zaidi ni la mito inayoingia chini ya bwawa, Mkomazi na Luengera, inayoosha Pare na Usambara.

Na dereva wa kirikuu alilijua. Aliponisimulia baadaye, alisema pale Korogwe, barabara inapouvuka mto, aliona maji yamejaa, rangi ya udongo, yamebeba magogo. Aliwaza tu "huko chini kuna mtu atalia" akaendelea na safari. Kama angenipigia simu kutoka darajani ningekuwa na taarifa bora kuliko ya setilaiti.

Siku nane ndani ya picha moja

Kosa hili ni dogo kuliko la tope, lakini liliongeza uzito. Ramani ya siku 8 si picha ya siku 8. Ni kiraka. Siku ikiwa na mawingu, setilaiti haioni bahari, kwa hiyo kompyuta inajazia kwa siku yoyote iliyopata mwanya. Nilipozifungua tarehe moja moja, nyingi zilikuwa tupu kabisa. Ulimi wote ule ulitokana na siku mbili za mwanzo.

Maana yake, mimi nikiiangalia ramani Jumamosi, maji yale yalishapita. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima. Hata ukienda kwa nusu mita tu kwa sekunde, kwa siku moja umefika kilomita 43, na hiyo inakaribia umbali wote wa kutoka Pangani hadi Tanga. Nilikuwa namwelekeza mtu kwenye maji ya wiki iliyopita, kama kumsubiri abiria kituoni wakati basi lilishafika Same.

Mwezi

Hata hivyo, tope na mawingu sivyo vilivyozuia boti. Tuseme ramani ingekuwa sahihi, ulimi wote ukawa planktoni safi, vibua wamejaa wanacheza. Boti zisingetoka vilevile.

Dagaa na vibua wa Tanga huvuliwa sana usiku kwa taa. Boti inawasha taa, samaki wanakusanyika kwenye mwanga, ringineti inazungushwa. Taa hiyo ina nguvu pale tu ambapo usiku wenyewe ni mweusi. Mwezi ukiwa mpevu, bahari yote inang'aa, samaki hawana sababu ya kuja kwenye taa yako. Wavuvi wanahesabu siku za giza, na siku za mbalamwezi kali wanakaa ufukweni wanashona nyavu na kupaka boti.

Tarehe 27 Novemba 2023 mwezi ulikuwa mpevu.

Sikuhitaji setilaiti kulijua hilo. Jumapili usiku ningetoka nje, nikainua kichwa. Kwa kweli nilitoka, mawingu yalikuwa yamefunika, sikuona kitu, nikarudi ndani. Lakini kalenda ilikuwepo ukutani kibandani kwa mama mdogo, ile yenye alama za mwezi, imening'inia kwa msumari juu ya deli. Tulipanga oda tukiwa tumeipa mgongo.

Hapo ndipo swali la mama mdogo nililiharibu tangu mwanzo. Aliuliza samaki wapo *lini*. Mimi nikamjibu chakula kipo *wapi*. Mfanyabiashara wa Moshi hana boti, hawezi kuipeleka popote. Anachoamua yeye ni siku ya kutuma gari, na kwa swali hilo mwezi, upepo na mvua vina sauti kubwa kuliko klorofili.

Hesabu

Gari 400,000. Barafu 90,000. Dalali 40,000. Jumla 530,000 kabla ya kununua samaki hata mmoja. Kwa kila kilo alitegemea kubakiwa na 3,000, na kwa kilo 38 ikawa 114,000. Hasara 416,000. Hoteli ikanunua vibua wa boksi kwingine, na mpaka leo ikitaka samaki inaagiza huko huko.

Kuhusu barafu, dalali alisema iliyobaki amemwuzia mtu na pesa atairudisha "wiki hii". Tuliache hapo kwanza.

Nilijitolea kulipa nusu ya hasara. Mama mdogo akakataa, akasema nikae kimya mwezi mzima nisimwonyeshe ramani yoyote. Nilikaa miezi miwili.

Nahodha

Februari 2024 ndiyo tulijaribu tena, safari hii kwa mpangilio mwingine. Kalenda kwanza. Mwezi mwandamo ulikuwa karibu na tarehe 9, Ijumaa, kaskazi imetulia, anga jeupe. Mama mdogo akatafuta namba ya nahodha mwenyewe, mzee mmoja wa Tanga, tukaacha kuzungumza kwa kupitia dalali.

Nilimtumia ramani kwa WhatsApp. Nilijisifu kidogo kwamba sasa nimeondoa tope: maji ya Pangani yalikuwa yametulia, na kijani nilichokizungushia duara kilikuwa mbali na mto, juu zaidi, karibu na visiwa vidogo. Akajibu kwa sauti:

"Kijana, nakushukuru kwa picha. Ila hicho kijani chako cha huku juu hakitoki mwaka mzima. Hapo ni fungu. Maji yakipwa, mtu anasimama, yanamfika kiunoni. Chini pana nyasi. Wewe umeona nyasi."

Alikuwa sahihi. Kwenye maji mafupi na maangavu mwanga unafika chini, unagonga nyasi za bahari au matumbawe, unarudi na rangi zao. Hesabu inasoma klorofili. Nikachukua ramani za miezi sita nikaziweka moja juu ya nyingine, na duara langu likabaki pale pale kila mwezi, halisogei hata kidogo. Planktoni haikai mahali pamoja miezi sita.

Tangu siku hiyo nina njia yangu ya kienyeji. Kijani kisichohama ni sakafu ya bahari. Kijani kinachotokea baada ya mvua, kimeshikana na mdomo wa mto, ni tope mpaka picha ya rangi halisi iseme vingine. Kijani kilichojitenga na pwani, kinachosogea siku hadi siku, hicho ndicho cha kumwuliza mzee. Hata hapo, nauliza.

Kwa bahati tu, tarehe 8 Februari, siku moja kabla ya safari yetu, NASA ilirusha setilaiti ya PACE. Yenyewe haipimi rangi chache za mwanga kama MODIS. Inaugawa mwanga katika vipande zaidi ya 200, kuanzia urujuanimno, na lengo mojawapo ni kutofautisha aina za planktoni zenyewe. Kazi ya kutenga tope na chakula itapata msaada mkubwa. Fungu la mzee litabaki kuwa fungu.

Mzigo wa Februari ulifika vizuri, kilo 210, barafu haijayeyuka hata nusu. Sitadai kwamba ni ramani. Giza lilikuwepo, bahari ilikuwa shwari, nahodha alikwenda anakokwenda siku zote. Kalenda peke yake ingetosha.

Mei

Iliyonirudishia heshima kidogo ni picha nyingine kabisa, isiyo na uhusiano na chakula cha samaki.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kalenda ilisema ndiyo. Mwezi mwandamo ulikuwa unaangukia tarehe 8, kwa hiyo siku za kabla yake zilikuwa za giza. Dalali yule yule akapiga simu: boti zitatoka, watu wa Arusha wameshatuma pesa, mama usibaki nyuma.

Nilifungua picha za Meteosat, setilaiti inayokaa juu ya eneo moja na kupiga picha ya mawingu kila baada ya dakika chache. Mashariki mwa pwani ya kusini wingu lilikuwa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo ilikuwa inatoa tahadhari, na jina likapatikana: kimbunga Hidaya. Kilikuwa mbali na Tanga, lakini mawimbi hayaulizi mpaka wa mkoa, na hakuna nahodha mwenye akili anayezungusha wavu kwenye bahari ya namna ile. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulikuwa umesimamishwa.

Hapo giza lilikuwepo, mto sikuutazama, klorofili sikuifungua kabisa. Mawingu yangeizuia hata kama ningetaka. Nilimwambia mama mdogo neno moja tu, asitume.

Dalali hakukata tamaa. Alipiga tena jioni, mimi nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale kibandani, mama mdogo anakwangua magamba ya perege. Aliweka simu kwenye spika ili mikono iendelee na kazi.

"Basi mama, tuma ya barafu tu. Gari nitatafuta mwenyewe."

"Barafu ya Novemba," akasema mama mdogo, bila kuinua kisu, "bado unayo."